Kasirani Yangu na Mutumbwi ya Papa Asukulu

Baraka, siku ya Mungu, kisha misa ya pili

Mama yangu mupenzi, mama Veronika,

Mbele ya yote nakuamukia, na nainama kidogo vile unapendaka. Goti yako ya kuume inaendelea namna gani? Ile majani mukubwa wangu, yaya Monika, alikuwa anakukanda nayo ilisaidia, ao bado unapanda ngazi ya kanisa na fimbo? Na ile bati ya jikoni yenye upepo ilinyanyua, ndugu yako noko Kalunga alikuya kuipiga misumari, ao alikuambia tena "kesho"? Mi hapa mwili iko muzima. Shukuru, mutoto yangu wa kwanza, iko muzima, anasaidia kufundisha batoto badogo ku masomo. Faida, muke yangu, iko muzima. Lakini haiko hapa ku nyumba, na ni juu ya ile nimekaa chini na kalamu.

Najua ukisikia jina ya Fizi ku redio unashika rozari. Siku hizi hapa mu Baraka, ndani ya Fizi, tunalala. Soko inajaa, pikipiki zinapita, Barundi ba ku kambi banaleta maharagi yabo, tunabishana bei, tunacheka. Ile woga niko nayo haitoke ku milima, Mama. Haina bunduki. Natembea nayo, nakula nayo, na kama nikienda kukimbilia kwako Moba, itapanda boti pamoja na mi.

Kwa simu singeweza kusema. Simu yenu ni ya ndugu yangu Pita, na Pita anaiweka sauti kubwa, nyumba yote inasikia, na wewe unauliza "Ni nani? Ni nani huyo?" mupaka unite ya kulipia simu inaisha. Barua hii nampa mama Alfonsina, yule wa mawese, anateremuka Moba na boti. Akusomee yaya Monika peke yake, mulango ifungwe. Yaya, usiruke kitu. Hata kama Mama anasema "inatosha, nimesikia", soma.

Ni juu ya kasirani yangu.

Wewe ndiye ulinifundisha ile neno. Mutoto akiota meno, analia bila sababu, anatupa kijiko, ulikuwa unasema: "Muache, iko na kasirani." Mbuzi yenye kupiga bantu mateke, kasirani. Ziwa ikichafuka asubui, bavuvi hapa banasemaka leo iko na kasirani, banarudi kulala. Ni neno ya nyumbani, ndogo, haitishe muntu. Na mi nikaivaa kama kofia. Miaka yote niko hapa Baraka, nikimufokea muntu, kisha ninasema: "Musinichukie, mi niko na kasirani tu, sina roho mubaya." Mupaka ku kitubio nilikuwa naipeleka kwa padri vile muntu anapeleka kikohozi kwa munganga. "Padri, niko na kasirani." Anasema sala tatu, naenda.

Hasira ni kitu ingine, naona sasa. Hasira inakuya na sababu yake, inapiga kelele, inatoka. Muntu amekuibia nyundo, una hasira. Akirudisha nyundo, inaisha. Kasirani haitafute sababu. Inaamuka mbele yako asubui, inavaa shati yako, inakungoja ku mulango. Muntu anakuamukia "Jambo, fundi" na tayari amekukosea. Mi nilizani kasirani ni kelele yangu. Sikujua ni kunyamaza kwa bengine. Sasa nikueleze vile nilijua.

Unajua kazi yangu ni mitumbwi, ya kujenga na ya kutengeneza, pale ku muchanga nyuma ya soko ya samaki. Nafanya na Etungano, muntu wa Swima, tuko karibu umri moja. Ni muntu wa pole, anasema neno moja, anangoja, anasema ya pili. Mi ile kungoja ilikuwa inaniumiza meno. Papa Asukulu wa Lweba alituletea mutumbwi yake ya kubebea bantu na mizigo. Tukatoa mbao mbili za chini zenye kuoza, tukaweka mupya. Halafu kuziba: kila nafasi kati ya mbao na mbao unaingiza pamba yenye kulowana na mawese, unaigonga na patasi mupaka inakamata. Ile kazi nilimwachia Etungano.

Na kisha kuziba, Mama, mutumbwi inafaa ikunywe. Imekaa ku jua, mbao zimekauka, zimejikunja. Unaisukuma mu maji ya chini, unaijaza nusu, unaiacha siku nzima na usiku wake. Mbao zinavimba, zinashikana. Na kesho yake unaona pale inalia maji, unaziba tena. Hakuna fundi wa ziwa hii hajui ile. Mutumbwi haikunywe, haiende. Baba zetu balifanya vile.

Sasa siku ya tatu, jioni, nilirudi ku nyumba na kasirani ya bure. Faida aliweka bugali na sombe, majani ya muhogo. Sombe ilikosa chumvi. Nikasukuma sahani, ikaenda mupaka ku ukuta. Faida aliokota vipande, hakusema kitu, Shukuru hakusema kitu, na mi nikajiambia: tazama, mu nyumba yangu kuko amani.

Ile jioni ile, mi sikujua, Etungano alikuwa amefika ku mulango ya nyuma. Pamba ilikuwa imemwishia. Chini ya mbavu ya tatu ya mutumbwi, kule nyuma karibu na motere, aliingiza vipande vya gunia, bila mawese, akijiambia kesho asubui ataenda soko kutafuta pamba na atarudia. Alikuya kunijulisha. Akakuta vipande vya sahani mu mikono ya Faida. Akamwambia yeye pole pole: "Mama Shukuru, umwambie wewe, mbavu ya tatu ni gunia tu, bado." Faida akajibu: "Leo haiko siku, papa. Kesho labda ataamuka muzuri."

Sikuamuka muzuri.

Asubui yake papa Asukulu alikuwa ku muchanga mapema, na bantu kumi na kitu, bamama na mifuko yabo ya unga. Balikuwa banaenda Kazimia. Faida pia alikuwa mu safari, mama mudogo yake alikufa kule, matanga ilikuwa imeanza, na mutoto wa kike hawezi kukosa. Alikuwa na kitambala yake ya kichwa na kopo moja ya maziwa yenye kuisha, ile kubwa. Nikamuliza kopo ni ya nini. Akasema ya kunyweshea batoto ba njiani. Sikufikiri.

Etungano akaanza: "Fundi, kule chini ya mbavu..." akangoja, vile anangojaka. Nikamukata: "Kama unataka kunifundisha kazi, fungua mahali yako, uweke kibao, nitakuya kuomba kazi kwako." Bamama bakacheka. Etungano akacheka pia, akaenda kukunja kamba yenye haikuwa na lazima ya kukunjwa.

Halafu papa Asukulu akasogea, muntu muzima yule, na nywele nyeupe, akaniuliza kwa heshima kabisa: "Mwana, imekunywa?"

Mama, haikukunywa. Ilikuwa imekaa ku muchanga usiku yote. Nilikuwa nimepanga kumwambia angoje kesho. Lakini ile swali ikaniingia kama mwiba. Nikasikia: huyu anazani mi sijui kazi. Mbele ya bamama bote. Na kinywa yangu ikajibu mbele ya kichwa: "Imekunywa. Ao unataka kuionja?"

Ni ile nimekuya kukuungamia. Sikudanganya juu ya kutafuta kitu. Sikudanganya juu ya woga. Nilidanganya sababu swali ya muzee ilinichokoza. Bakasukuma mutumbwi, motere ikawaka, Faida akakaa nyuma kabisa, mahali hakuna muntu anapenda juu ya moshi. Nikasema mu roho: muke huyu naye, hajui hata kuchagua mahali.

Kufika saa sita, jua mu kichwa, Etungano aliacha kugonga. Akakaa ku gogo. Akasema: "Fundi, mi siwezi kula leo." Nikasema: "Usikule." Akangoja. Akasema: "Mbavu ya tatu iko na gunia. Haina pamba. Na haikukunywa. Na Mama Shukuru iko ndani, anajua."

Nilikuwa nimeshika nyundo. Mama, mukono ilipanda. Sikuituma. Niliiona pale juu na nyundo ndani, kama mukono ya muntu mwingine. Na unajua Etungano alifanya nini? Hakukimbia. Hakuinua mikono. Alifunga macho tu na akainamisha kichwa kidogo, vile muntu anafanya ku mvua yenye amezoea. Nikajua pale pale, huyu amekuwa akingoja hii nyundo miaka mingi. Nikaiweka chini. Nikakaa ku gogo karibu naye.

Nikamuliza: "Faida alijua, na alipanda?"

"Alijua."

"Kwa nini hakuniambia?"

Etungano akaokota patasi. "Fundi," akasema, "wewe unauliza mi?"

Basi nikakimbia kando ya maji kutafuta mutumbwi ingine yenye motere, ibafuate. Balikuwa na masaa ine mbele. Kila muntu nilimukuta namwambia haraka haraka, na kila muntu anaenda nyuma hatua moja mbele ya kunijibu. Sikuwahi kuona ile hatua. Ku mutumbwi ya mwisho kijana ya motere akapiga simu kwa bosi yake, mbele yangu, bila kufikiri: "Patron, Papa Kasirani iko hapa, anataka tuende Kazimia saa hii." Halafu akasikia kile amesema, akakufa kwa haya, akashusha simu. Bamama ba kuuza ndagala pale bakainama wote ku samaki yabo kama banatafuta sindano.

Nikauliza mama moja: "Ni mi banaita vile?"

Akasema: "Si mi nilianzisha, papa. Nilikuta jina iko."

"Tangu lini?"

"Mi niko na miaka tisa hapa. Nilikuta iko."

Miaka tisa, Mama. Muji nzima inajua jina yangu, mi peke yangu siijui. Mungine akaongeza, ya kunituliza: "Papa, banakuitaka vile kwa upendo kidogo." Bengine bakashindwa kuzuia kicheko, na mi, ni mara ya kwanza, sikupata nguvu ya kukasirika. Woga ilikuwa imekula nafasi yote.

Bosi alikataa, hakukuwa na esanse ya motere ya kutosha, na upepo ya kusini ilikuwa imeamuka. Kule Kazimia simu hazikupita ile juma. Nikarudi ku nyumba kungoja.

Shukuru alikuwa anafagia. Nikamueleza yote, hata ya "imekunywa". Alisikiliza na fagio mu mukono. Halafu akaenda inje, akachukua beseni nyekundu yenye inakaaka ku mulango, akaiingiza ndani. Nikamuliza ni juu ya nini. Hapo akalia. Akasema: "Papa, ile beseni, ikiwa inje, inasema uko na kasirani. Batoto ba jirani banajua, basipite. Mi nikitoka masomo naiangalia toka kule njia inapinda."

Mama, unakumbuka kinu yetu? Baba akirudi na uso ile, ulikuwa unapindua kinu karibu na mulango. Sisi tukiona kinu iko kichwa chini, tunazunguka, tunaingia kwa mama Selina jirani, tunakula kule, hatucheke. Nilijiapia ku kaburi ya baba kwamba ku kwangu hakutakuwa kinu. Na kweli haikuwa kinu. Nimekuwa nikiruka ile beseni kila siku, na nilishamufokea Faida mara ngapi kwamba inajaza njia.

Ile siku tatu za kungoja siwezi kuandika vizuri. Nilikuwa nafanya hesabu ya kijinga: gunia inakamata muda gani, mawimbi inagonga mara ngapi. Kesho yake muvuvi moja kutoka kusini alisema ku soko kwamba ameona mifuko ya unga inaelea, mingi, maji imekuwa nyeupe kama maziwa. Nilimusikia kwa masikio yangu. Nikarudi ku nyumba mbio. Bantu balikuwa banaanza kukuya ku nyumba, kukaa kimya inje vile banakaaka ku matanga mbele habari haijaingia. Hakuna aliniambia neno mubaya. Walinisalimia kwa sauti ya chini, wote, hata bandugu ya bale bamama ba unga. Ningependa muntu anitukane. Niliwaza: hata leo, hata kwa ile, banaogopa.

Siku ya ine papa Asukulu akarudi na mutumbwi ya mungine. Akateremuka polepole, akinishika bega kwa kujikamata. Kitu ya kwanza alisema ni: "Bote bako bazima." Nikaanguka ku magoti pale mu maji.

Akanikalisha, akanieleza. Maji ilianza kuingia wakati ncha ya mwisho ya Kazimia inaonekana mbali. Muntu wa kwanza kusema "maji" ni Faida. Alikuwa anaichunga toka Baraka, kopo kati ya miguu, kisigino yake imekanyaga pale pale ku mbavu ya tatu. Ndiyo maana alikaa mu moshi. Alifungua kitambala ya kichwa, akaisindilia mu nafasi na kidole ya muguu, akaanza kuchota. Bamama bakatupa unga mu ziwa, banatupa na banalia. Bakafika ku muchanga moja mbele ya Kazimia, mutumbwi imejaa mupaka ku viti.

"Muke yako alituokoa," papa Asukulu akasema. "Tulimuuliza: mama, ulijua, mbona hukusema tukiwa bado ku muchanga? Alijibu: 'Ningesema, angejua ni mi nilisema.'"

Yaya Monika, soma ile mara mbili. Muke yangu aliogopa kinywa yangu kuliko maji. Alipima kasirani mbili, yangu na ya ziwa, akachagua ziwa, na kopo.

Nikamwambia papa Asukulu: "Papa, nilikudanganya. Haikukunywa."

Akasema: "Nilijua."

Nikamuliza: "Ulijua namna gani?"

"Niliweka mukono ku mbao wakati ulikuwa unasema na bamama. Ilikuwa ya kukauka kama bugali ya jana. Nikawaza nikuulize mara ya pili. Nikasema mu roho yangu, Asukulu, ukiuliza mara ya pili huyu atapiga kelele, bamama bataogopa, safari itakufa, matanga itapita. Nikanyamaza. Basi dhambi haiko yako peke yako, mwana. Lakini yako iko kubwa."

Tazama, Mama. Etungano alijua gunia. Faida alijua gunia. Muzee alijua mbao. Bantu batatu balikuwa na ukweli mu mukono, na kati yabo na ule ukweli nilisimama mi. Muntu wa kasirani anazani anasikia kila kitu juu ni yeye anasema kwa nguvu. Kumbe ni yeye muntu wa mwisho kujua maji inaingia.

Nilitaka kupanda kwenda kumuleta Faida. Papa Asukulu akanishika. Alikuwa na ujumbe ya Faida, kwa kinywa, alirudia neno kwa neno, na alicheka kidogo akirudia: "Mumwambie asikuye. Nitarudi siku nitasikia Etungano amemugombeza mbele ya bantu, na kesho yake Etungano bado iko na kazi."

Nilicheka pia. Nilizani ni kitu nyepesi.

Kesho yake asubui nikamwambia Etungano: "Ndugu, unigombeze." Akasema: "Juu ya nini, fundi?" Nikasema: "Juu ya kitu yoyote." Akatazama ziwa, akatazama mutumbwi ya papa Asukulu yenye tunatengeneza upya, safari hii bure, na pamba ya kutosha, na ilikunywa siku mbili. Akasema: "Kazi iko muzuri, fundi."

Kila siku namuuliza. "Etungano, kuko kitu?" "Hakuna kitu, fundi." Nasema pole, kama muntu anasema na mugonjwa. Siipandishe sauti toka ile siku, Mama, nakuapia, na Shukuru ni shahidi. Beseni inakaa ndani. Lakini kuko asubui naamuka, na iko pale ku mulango, inaningoja na shati yangu. Naisikia vile inanipanda ku shingo wakati muntu anatafuna kwa sauti. Natoka inje, nasimama karibu na choo mupaka inapita. Majirani banazani niko na tumbo.

Juma hii nilimujaribu Etungano. Nilipiga musumari vibaya kwa kusudi, ikapinda, kichwa yake ikabaki inje, na ubao ikapasuka kidogo. Hata kipofu angeona. Nikamuita: "Angalia hii, namna gani?" Aliinama. Alipitisha kidole juu. Niliona kinywa yake inataka kufunguka, nikangoja, vile yeye anangojaka, nikangoja sana. Akasema: "Iko muzuri, fundi."

Asubui yake nilifika mbele ya kawaida. Ile musumari haikuwako. Mahali yake kulikuwa na mungine, yenye kunyooka, na ile ufa ilikuwa imezibwa na pamba na mawese, safi, kazi ya muntu mwenye anapenda kazi. Alirudi peke yake jioni, mi niko ku nyumba, akatengeneza kosa yangu kwa siri kama muizi. Na alipofika aliniamukia "Jambo, fundi", akachukua nyundo.

Hapo ndiyo niliogopa kabisa, Mama. Kushinda siku ya mifuko ya unga. Sababu ile siku nilijua kitu cha kungojea. Sasa sijui namna gani bantu banaachaka kuogopa. Nilizani ukiacha kufoka, inaisha. Nimeacha kufoka na bado banaficha misumari yangu. Na Faida iko Kazimia, anangoja habari yenye mi siwezi kuituma, ni Etungano peke yake anaweza, na Etungano ananiheshimu sana.

Unisalimie noko Kalunga, na bati yake ya kesho. Unisalimie Pita na muke yake, na mutoto yule mupya sijamuona. Salamu kwa mama Selina jirani, aliyekuwa anatupokea na sahani wakati ya kinu bila kuuliza. Mwambie sasa najua alikuwa anatufanyia nini. Salamu kwa muwalimu wangu wa zamani kama bado anaona. Yaya Monika, asante ya kusoma, na usilie juu ya karatasi, wino ni ya rahisi.

Mama, sikuombe pesa wala sala, ijapokuwa sala usiache. Nakuomba kitu moja. Baba akikuuliza "Kuko nini?" ulikuwa unajibu "Hakuna kitu." Nilisikia ile jibu utoto yangu yote. Baba ameisha kufa, hawezi kukuumiza tena. Mwambie yaya Monika aandike yote ulikuwa unamunyamazia, moja moja, hata kama karatasi ni mingi. Na chini yake, aandike ile unaninyamazia mi. Najua iko. Kila mara ukisema na simu "hapa bote bazima, hakuna kitu", mi nasikia sauti ya Etungano.

Ni mi mutoto yako mwenye ulimubeba ku mugongo akilia juu ya meno,

Kisimba, fundi wa mitumbwi, Baraka